Upepo Haukuanza Siku Ile

Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 13:1-9

Wewe uliye jikoni ukingoja chai ichemke, wewe uliye njiani kwenda shambani na redio yako mkononi, na wewe uliyelala kitandani kwa ugonjwa, nyote karibuni. Tukae pamoja kwa muda mfupi.

Leo nataka tuzungumze juu ya upepo. Mwaka mmoja upepo mkali ulipita katika parishi niliyokuwa nikihudumu. Ulikuja mchana, kabla ya mvua, ukang'oa mabati ya kanisa letu dogo upande mmoja mzima. Mengine tuliyakuta katika shamba la mahindi la jirani, yamejikunja kama karatasi. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Jioni ile, tulipokuwa tukiokota misumari, mama mmoja mzee alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mchungaji, tumemkosea Mungu nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mama, kwanza tuombe." Tukaomba. Lakini swali lake nilikwenda nalo nyumbani, na tangu siku hiyo halijaniacha. Huenda wewe nawe umeliuliza siku upepo ulipochukua paa lako, au siku mafuriko yalipochukua mbuzi wako, au ukame ulipokausha mahindi yakiwa yamefika magotini.

Ili tupate kulijibu, naomba mnifuate mbali kidogo, mpaka nchi za tambarare za Marekani. Huko waliishi wakulima ambao siku moja ya mwaka 1935 waliuliza swali lilo hilo. Wengi wao walikuwa Wakristo wenye Biblia nyumbani na nyimbo za kanisa kinywani, kama sisi. Kisa chao kina mafundisho kwetu.

JUMAPILI YA MITENDE

Kuna mahali ambapo majimbo matano ya Marekani hukaribiana, yaani Kansas, Colorado, Oklahoma, Texas na New Mexico. Nchi hiyo ni tambarare. Ukisimama mlangoni pako unaona mpaka mwisho wa macho, bila mlima wala msitu. Mvua yake ni kidogo. Sehemu nyingi hazipati hata milimita 500 kwa mwaka. Na upepo huko huvuma karibu kila siku.

Mwanzoni mwa mwaka 1935 watu wa nchi hiyo walikuwa wamechoka. Mvua ilikuwa imekosekana kwa miaka kadhaa, na upepo ulikuwa ukiinua udongo wa mashamba na kuuingiza majumbani. Akina mama walitundika shuka zilizolowa maji madirishani ili zizuie vumbi. Sahani ziliwekwa mezani kifudifudi mpaka chakula kiwe tayari, zisije zikajaa mchanga. Watoto na wazee waliugua homa ya mapafu iliyotokana na vumbi, na wengine walikufa. Mwezi wa Machi ulikuwa mbaya sana.

Ndipo ikafika Jumapili, tarehe 14 Aprili 1935. Ilikuwa Jumapili ya Mitende, siku tunayokumbuka Bwana wetu akiingia Yerusalemu. Asubuhi hiyo mbingu zilikuwa safi na jua lilikuwa zuri, wala hapakuwa na upepo wa kusumbua. Watu walifurahi. Walifungua madirisha, wakafua nguo na kuzianika, wakaenda makanisani. Wengine walimwomba Mungu mvua. Baada ya ibada kuna waliotoka na jamaa zao kutembea na kula chakula nje, jambo ambalo hawakuwa wameliweza kwa majuma mengi. Karibu na Boise City, katika jimbo la Oklahoma, kulikuwa na msafara wa mazishi barabarani.

Alasiri, ndege walianza kupita kwa makundi makubwa wakikimbilia kusini, wakilia. Kisha watu wakatazama kaskazini, wakaona ukuta mweusi umesimama toka ardhini hadi mbinguni, maelfu ya futi kwenda juu, nao unakuja. Wengi waliouona walisema ulikuja kimya, bila ngurumo wala radi.

Ulifika Beaver, Oklahoma, kama saa kumi alasiri. Ulifika Boise City saa kumi na moja na robo, ukaunasa ule msafara wa mazishi njiani. Ulifika Amarillo, Texas, saa moja na dakika 20 jioni. Upepo wake ulikuwa na kasi ya maili 60 kwa saa na zaidi mahali pengine, yaani karibu kilomita 100. Jua lilizimika. Mtu aliweka mkono wake mbele ya uso asiuone. Vumbi kavu likisuguana hewani huzaa umeme, kwa hiyo magari yalizimika barabarani. Katika miaka ile madereva walizoea kufunga minyororo nyuma ya magari yao, iburuzwe chini ili umeme uingie ardhini.

Wengi walidhani ni mwisho wa dunia. Huko Pampa, Texas, alikuwako kijana mwimbaji aitwaye Woody Guthrie, ambaye baadaye alijulikana kote Marekani. Yeye na wenzake walijifungia ndani, na watu wakaanza kuagana. Kutokana na siku ile alitunga wimbo wa kwaheri. Siku hiyo mpaka leo inaitwa Jumapili Nyeusi. Mwandishi wa habari Robert Geiger, aliyenaswa na giza hilo akiwa njiani karibu na Boise City, aliandika habari zake siku iliyofuata, na ndani yake akaiita nchi ile bakuli la vumbi. Jina hilo lilibaki.

UPEPO ULIUPATA WAPI UDONGO?

Sasa, ndugu msikilizaji, tusiharakishe kusema kwamba upepo ule ndio ulioharibu nchi. Tuulize kwanza, upepo wenyewe ulikuwa nini?

Ulikuwa upepo wa kawaida wa majira yale. Kila mwaka, baridi inapokwisha, hewa baridi hushuka toka upande wa kaskazini ikakutana na hewa yenye joto ya kusini. Hewa baridi ni nzito. Hupita chini, ikaisukuma ile ya joto juu, na mahali zinapokutana upepo huvuma kwa nguvu. Mambo hayo yalikuwa yakitokea katika tambarare zile kabla mtu wa kwanza hajajenga nyumba huko, na yanatokea mpaka leo. Tarehe 15 Desemba 2021 huko Lamar, Colorado, ulipimwa upepo wa maili 107 kwa saa, mkali kuliko ule wa mwaka 1935. Siku hiyo vumbi liliruka tena, na moto wa nyasi ukateketeza zaidi ya ekari 100,000 katika Kansas. Upepo haukuanza Jumapili ile, wala haukukoma nayo.

Kilichokuwa kigeni ni ile ardhi. Zamani tambarare zote zilifunikwa na nyasi fupi, ngumu, zenye mizizi iliyosukana kama mkeka. Jua lilipochoma, majani yalikauka lakini mizizi ilibaki imeushika udongo. Nyati wa Marekani walikula nyasi hizo, na watu wa makabila kama Wakomanchi na Wakiowa waliishi kwa kuwawinda nyati. Katika miaka ya 1870 nyati waliuawa kwa mamilioni kwa ajili ya ngozi zao, na wenyeji wakalazimishwa kuhamia katika maeneo waliyotengewa. Huo nao ni uovu ambao hatuna budi kuutaja. Nchi ilikuwa imekwisha kujeruhiwa kabla plau haijafika.

Kisha wakaja wakulima. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 akikaa na kulima. Mwaka 1909 sheria nyingine ikaruhusu ekari 320 katika sehemu kavu. Wengi wa waliokuja walikuwa maskini wakitafuta mahali pa kulea watoto wao. Halafu Vita Kuu ya Kwanza ikapandisha bei ya ngano mpaka zaidi ya dola 2 kwa kipimo kimoja cha karibu kilo 27. Serikali iliwahimiza walime zaidi, na wafanyabiashara wakawauzia trekta na plau za visahani ambazo ziligeuza katika siku moja shamba ambalo farasi wangeligeuza kwa majuma. Kati ya mwaka 1925 na 1930 peke yake, zaidi ya ekari milioni 5 za nyasi ziligeuzwa katika tambarare za kusini.

Bei ikaanguka. Mwaka 1931 mkulima alipata chini ya nusu dola kwa kipimo kile kile. Naye ana deni la trekta. Afanye nini? Alilima zaidi ili kulipa deni. Ndipo mvua ikakatika. Ngano haikuota, nyasi zilikuwa zimekwisha kung'olewa, na udongo ukabaki uchi chini ya jua.

Nieleze kidogo jinsi upepo unavyochukua udongo, maana hata sisi hutufaa kujua. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Upepo ukipita juu ya nyasi au mabua, hupungua kasi pale chini, na udongo hutulia. Ukipita juu ya shamba tupu hugusa udongo moja kwa moja. Kwanza huzirusha chembe kubwa kama za mchanga, zikarukaruka karibu na ardhi. Chembe hizo zikianguka hupiga udongo laini na kuutimua juu. Udongo huo laini ndio wenye rutuba, na ndio unaokwenda mbali. Mwezi wa Mei mwaka 1934 vumbi la tambarare lilifika New York na Washington, likaangukia mpaka meli zilizokuwa baharini. Mkulima alibaki na mchanga. Unga wa shamba lake ulikuwa umekwenda.

TOBA YENYE JEMBE

Baada ya Jumapili Nyeusi watu walifanya mambo mbalimbali. Wengine waliondoka. Inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1940 watu kama milioni 2.5 walikuwa wamehama majimbo ya tambarare, baadhi yao wakienda California na mizigo yao juu ya magari. Wengine waliapa kubaki. Katika mji wa Dalhart, Texas, mhariri wa gazeti alianzisha chama cha watu walioahidi kwamba hawatahama hata wakibaki peke yao. Haukupita muda mrefu, mhariri mwenyewe akahama! Lakini wapo wengi wasiojulikana majina ambao walibaki kweli, wala hawakuapa mbele ya mtu.

Kulikuwa na mtu aitwaye Hugh Hammond Bennett, mtoto wa mkulima wa North Carolina. Maisha yake yote alikuwa amekwenda shamba kwa shamba akipima udongo. Mwaka 1928 alikuwa amekwisha kuandika kwa serikali kwamba mmomonyoko wa udongo ni hatari kwa taifa zima, lakini waliosikia walikuwa wachache. Katika mwaka ule wa 1935 aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti. Husimuliwa kwamba alipata habari kuwa vumbi la tambarare linaelekea Washington, akayavuta maneno yake makusudi mpaka mbingu nje ya madirisha zikabadilika rangi. Tarehe 27 Aprili 1935, siku 13 tu baada ya Jumapili Nyeusi, Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuhifadhi udongo.

Wakulima walifundishwa kulima kwa kukingama na mteremko, wala si kushuka nao. Walifundishwa kuacha mabua shambani badala ya kuyachoma, kupanda mazao kwa vipande, kimoja cha ngano na kimoja cha mmea wa kufunika ardhi, na kurudisha nyasi mahali ambapo hapakustahili kulimwa kamwe. Tena walipanda miti. Kuanzia mwaka 1935 mpaka 1942 zaidi ya miti milioni 200 ilipandwa kwa mistari, toka North Dakota kaskazini hadi Texas kusini, ikingame na upepo. Mstari wa miti yenye urefu wa mita 10 hupunguza upepo kwa mita 100 na zaidi upande wa pili.

Sasa angalia jambo hili. Mvua nzuri hazikurudi mpaka mwaka 1939. Maana yake ni kwamba watu wale walianza kazi wakati vumbi bado linavuma. Walipanda miche katika udongo mkavu, na mingine ikafa, wakapanda mingine. Hawakungoja mambo yawe mema kwanza.

Na tusiwasifu kupita kiasi. Vita vya Pili vilipopandisha bei ya ngano, wako waliorudi kuzilima zile nyasi. Katika miaka ya 1950 ukame ulikuja tena, na vumbi nalo likaja. Wazazi walikuwa wamejifunza, watoto wakasahau. Ndivyo tulivyo.

HUKU KWETU

Pengine unasema, "Mchungaji, hayo ni ya Marekani." La, ndugu yangu. Habari za vumbi lile zilivuka bahari. Wakuu wa serikali ya kikoloni hapa Afrika Mashariki walizisoma, wakaogopa kwamba nchi hii nayo itapeperuka. Huko Ukambani vilima vingi vilikuwa vimebaki vyekundu bila nyasi, ni kweli. Lakini wakuu hao hawakuuliza ni kwa nini watu wamesongamana mahali padogo, wala nani alichukua nchi waliyokuwa wakilishia. Mwaka 1938 waliwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao na kuwauza kwa bei ya chini. Watu wakaja Nairobi kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa hapa majuma mengi wakitaka kumwona Gavana, mpaka serikali ikaachilia jambo lile. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, na kazi hiyo ikachukiwa kwa sababu ilikuwa ya kulazimishwa.

Lakini tazama yaliyofuata. Watu wa Machakos wenyewe, na hasa akina mama katika vikundi vyao vya mwethya, walishika majembe kwa hiari yao. Walichimba matuta yale tunayoyaita fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili uzuie maji na udongo unaoshuka. Leo ukipita vilima vile utaona matuta kila upande, na miti mingi kuliko ilivyokuwako zamani, ingawa watu wameongezeka sana. Jambo ambalo amri ya Gavana haikuliweza, akina mama waliliweza wakiwa wanasaidiana leo kwa huyu na kesho kwa yule.

Toba ni hivyo hivyo. Mtu hawezi kutubu kwa sababu mwenziwe amemshika shingo.

MNARA NA MTINI

Sasa turudi kwa swali la yule mama. "Tumemkosea Mungu nini?"

Katika Luka sura ya 13 watu walimletea Bwana Yesu habari za msiba, naye akawakumbusha msiba mwingine, mnara ulioanguka Siloamu ukaua watu 18. Aliwauliza kama wanafikiri hao waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu, na mwenyewe akajibu kwamba sivyo. Shika neno hilo kwanza. Mtoto wa Kansas aliyekufa kwa vumbi hakuwahi kushika plau. Mama aliyefiwa hakupanga bei ya ngano. Anayeumizwa na upepo siye lazima aliyeng'oa nyasi. Kwa hiyo tusiende kwenye nyumba ya msiba na kidole kilichonyoshwa.

Lakini Bwana hakuishia hapo. Aliwaambia wote watubu, wao waliokuwa wakisimama wazima wakizungumzia msiba wa wengine. Kisha, na jambo hili nililisoma miaka mingi chuoni na baadaye bila kuliona, papo hapo akawapa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba ataka kuukata. Mtunza shamba anamwomba auache mwaka mmoja zaidi. Na katika mwaka huo atafanya nini? Atauchimbia pembeni na kuutia mbolea. Hilo ndilo jambo Bwana alilofuatisha baada ya mnara: jembe, samadi, na mwaka mmoja wa neema. Hakuwaacha watu wakitazama juu tu wakijiuliza ni nani aliyekosa. Aliwainamisha watazame chini, penye mizizi.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikumwambia yule mama jioni ile, kwa kuwa niliona haya. Nyuma ya kanisa letu kulikuwa na mstari wa miti mikubwa, iliyopandwa na wazee waliotutangulia. Miaka miwili kabla ya upepo ule, tulikata miti yote tukaiuza mbao, ili tupate fedha za kununua mabati mapya. Halmashauri ya kanisa ilikubali, na mimi nilikuwa mwenyekiti. Mzee mmoja alisimama akasema miti ile ina kazi yake. Sisi tukacheka kidogo, tukaendelea. Tulipata mabati mazuri yanayong'aa, tena tukafanya ibada ya shukrani. Upepo ulipokuja ulipita pale miti ilipokuwa, ukayakuta mabati yetu.

Majuma kadhaa baadaye nilisimama mbele ya washarika nikayasema hayo. Nilimwomba yule mzee anisamehe, naye alinisamehe. Kisha nikamwendea yule mama nyumbani kwake, nikamwambia, "Mama, uliniuliza swali. Wewe hukumkosea Mungu lolote katika jambo hili. Ni mimi na halmashauri yangu tuliokata miti." Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi mwanangu, mvua imekaribia. Miche iko wapi?"

Tulipanda miche mvua ilipoanza. Mbuzi walikula mingine, tukarudia. Leo inapita kimo cha paa, na mama yule amekwisha kulala katika Bwana. Upepo wa mwezi ule bado huja kila mwaka. Tunausikia ukivuma katika majani tukiwa ndani ya ibada.

Mpendwa msikilizaji, sijui upepo gani umekupiga juma hili. Huenda ni wa ardhini, huenda ni wa nyumbani mwako. Ukiisha kumlilia Mungu, na umlilie, chukua nafasi utazame palipokuwa na mizizi. Je, kulikuwa na kitu kilichokuwa kikishika udongo wenu, mkakiona cha bure mkakikata? Pengine ni maombi ya jioni pamoja na watoto. Pengine ni kumsikiliza mzee. Pengine ni miti kweli, pale kando ya mto. Usingoje mvua irudi ndipo uanze. Kama hukukosa wewe, shika jembe umsaidie aliyekosa, maana upepo ukija hauchagui shamba.

Na tuombe.

Baba wa mbinguni, wewe uliyeumba upepo na udongo, tunakuja kwako na paa zetu zilizong'oka. Wafariji waliopoteza mali na wapendwa wao. Tuzuie tusiwahukumu walioumia. Utufungulie macho tuone tulichokikata, na utupe unyenyekevu wa kukiri na nguvu ya kupanda tena. Tupe mwaka huu mmoja zaidi, nasi tuutumie. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote, na siku yenu iwe njema.